Kufungua na Kurudisha Nyumba ya Kemshafti kwenye Porsche 911 ya Kupozwa kwa Hewa

Mwongozo huu umeandikwa kwa mwenye Porsche 911 ya zamani, hasa SC (1978–1983) na Carrera 3.2 (1984–1989), na kwa fundi anayemwamini. Magari haya yapo kwenye gereji za nyumbani huku Karen, Nairobi, kwa sababu nzuri. Mwaka 1978 Porsche ilileta 911 SC kwenye Safari Rally. Vic Preston Jr akamaliza wa pili na Björn Waldegård wa nne. Ushindi wenyewe wa Safari haukupatikana, lakini 911 ilijipatia heshima kwenye barabara za huku. Mashindano ya magari ya zamani, East African Safari Classic, yalipoanza, 911 ikawa gari la wengi. Waldegård alishinda nayo mwaka 2011, na Stig Blomqvist mwaka 2015. Nyingine hutunzwa kwa ajili ya Concours d'Elegance kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, ambako waamuzi huchungulia injini na chini ya gari wakitafuta tone la oili.

Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililopita miaka 8, kwa hiyo 911 ya mwaka 1983 ikiharibika injini, huwezi kwenda Mombasa kuchagua nyingine. Ndiyo maana nasisitiza taratibu. Kufungua nyumba ya kemshafti si kazi ngumu kwa mikono. Kinachoua injini baada ya kazi hii ni uchafu, silikoni iliyopakwa ovyo, na mtu aliyezungusha krenki kabla ya wakati wake.

Nyumba ya kemshafti ni nini

Injini ya 911 ina silinda 6 zilizolala, 3 kila upande. Ukiwa umekaa kwenye usukani, silinda 1, 2 na 3 ziko kushoto, 4, 5 na 6 ziko kulia. Silinda 1 na 4 ndizo zilizo nyuma kabisa, karibu na puli. Kila silinda ina hedi yake. Juu ya hedi 3 za kila upande hufungwa kipande kimoja kirefu cha aluminiamu. Hicho ndicho nyumba ya kemshafti. Ndani yake kemshafti huzunguka moja kwa moja kwenye matundu ya aluminiamu, bila beringi, ikibebwa na utando wa oili tu. Roka 6 nazo hukaa humo humo, 3 za kuingiza juu na 3 za kutoa moshi chini.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kipande kimoja kinakaa juu ya vipande vitatu vinavyojitegemea. Hedi moja ikikaa upande hata kidogo, au uchafu ukibaki chini ya kona moja, nyumba hupinda ikikazwa na kemshafti hubanwa. Kwa kuwa hakuna beringi ya kubadilisha, aluminiamu ikikwaruzwa umepoteza nyumba nzima.

Utaifungua kwa moja ya sababu hizi: oili inavuja kati ya nyumba na hedi, na kudondokea mabomba ya moto ya ekzosti hadi unasikia harufu ya kuungua ndani ya gari, meno ya kemshafti yamelika, au tundu la mhimili wa roka limekwaruzika. Uvujaji ndio sababu ya wengi. Usiuchukulie kama aibu ya sakafu tu, kwa maana oili juu ya ekzosti ya moto huweza kuwasha gari.

Lakini kabla hujaamua, osha injini, endesha kilomita chache, kisha angalia kwa tochi. Mara nyingi kinachovuja ni gasketi ya kifuniko cha valvu, au mhimili wa roka, au oringi za mabomba ya kurudisha oili. Mifuniko na mihimili hurekebishwa bila kuitoa nyumba.

Maandalizi

Injini lazima ishuke. Kemshafti hutolewa kwa kuvutwa kuelekea nyuma ya gari, na huko bodi inaizuia. Injini na gia boksi vikiwa pamoja vina uzito unaozidi kilo 200, kwa hiyo usivishushe kwa jeki ya magurudumu ya kawaida wala usimwache mtu alale chini yake. Tafuta gereji yenye lifti, au meza ya jeki iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kazi yenyewe unaweza kuifanyia nyumbani baadaye, injini ikiwa kwenye stendi.

Chagua chumba chenye sakafu ya saruji na mlango unaofungwa. Udongo mwekundu wa Karen wakati wa kiangazi huingia kila mahali, na chembe zake zikiingia kwenye matundu ya kemshafti hufanya kazi ya msasa. Mwagia sakafu maji kabla ya kuanza na funika injini kwa shuka safi kila unapoondoka. Kazi hii haifanywi chini ya mti, hata mti ukiwa na kivuli kizuri namna gani.

Agiza vipuri vyote kabla ya kufungua nati ya kwanza. Sehemu nyingi za injini hii hazipatikani Kirinyaga Road. Zitatoka nje, na injini iliyokaa wazi ikisubiri kifurushi kinachokaguliwa uwanja wa ndege hushika kutu na vumbi.

*Sanduku: uwe navyo mkononi*

☐ Seti ya gasketi na oringi za juu ya injini, pamoja na oringi za mabomba 2 ya kurudisha oili kwa kila upande
☐ Dawa ya kuzibia iliyokusudiwa kwa nyumba hii, mfano Loctite 574
☐ Nati na washa mpya za nyumba
☐ Spana ya kupima mkazo inayosoma vizuri kati ya Nm 8 na Nm 30, na nyingine ya kufika Nm 150
☐ Funguo za Allen za milimita 5 na 8 zisizolika
☐ Kifaa cha kushikilia sproketi ya kemshafti, na spana yake maalumu ya milimita 46 kama kemshafti yako inafungwa kwa nati kubwa
☐ Geji ya saa inayosoma sehemu za mia za milimita, na mguu wake
☐ Fila geji ya milimita 0.10
☐ Kamera ya simu, mifuko midogo, kalamu isiyofutika
☐ Kitabu cha fundi cha mwaka wa gari lako

Oili itakayotoka kwenye tangi na kwenye injini inaweza kufika lita 10. Ikusanye kwenye mitungi na uipeleke kwa wanaoikusanya. Nyumba nyingi za Karen hunywa maji ya visima vya kuchimbwa, na oili iliyomwagwa nyuma ya boma haiendi mbali na kisima.

Kufungua

Fanya upande mmoja hadi umalize ndipo uende wa pili. Ule uliobaki mzima utakuwa kielelezo chako ukisahau kitu.

1. Zungusha krenki kufuata saa, ukiitazama kutoka upande wa puli, hadi alama Z1 ya puli ilingane na mshono wa kasha la injini. Angalia ncha za kemshafti. Alama zake, nukta au maandishi yaliyogongwa, ziwe juu. Kama ziko chini, zungusha krenki mzunguko mmoja zaidi. Piga picha.

2. Toa mifuniko ya valvu, ya juu na ya chini. Angalia kwa makini ndani ya kifuniko cha chini. Ukikuta nati au kipande cha stadi humo, simama. Stadi za hedi za safu ya chini kwenye injini hizi zinajulikana kwa kukatika, na hilo likitokea kazi yako imekuwa kubwa zaidi: hedi lazima zitoke pia.

3. Toa mihimili ya roka moja moja. Kabla ya kugusa kila mmoja, hakikisha roka yake imelegea, yaani jino la kemshafti halisukumi valvu. Legeza bolti ya Allen ya milimita 5 huku ukishikilia upande wa pili kwa ya milimita 8, kisha sukuma mhimili polepole kwa fimbo ya shaba. Ukihitaji kuzungusha krenki ili roka ilegee, izungushe kwa mkono tu, kufuata saa. Weka kila roka na mhimili wake kwenye mfuko ulioandikwa namba ya silinda na neno "juu" au "chini". Andika pia kichwa cha bolti kilielekea wapi. Roka imezoeana na jino lake. Ukiibadilisha mahali, jino hulika mapema.

Roka zote za upande huo zikishatoka, valvu zake zote zimefungwa na springi. Sasa krenki haiwezi kugonganisha pistoni na valvu upande huo. Ndiyo sababu roka hutoka kwanza, kabla ya cheni kuguswa. Rudisha krenki kwenye Z1.

4. Fungua kifuniko cha kasha la cheni. Funga kikaza cheni kwa waya kisiruke, kisha kitoe. Kwenye Carrera 3.2 kikaza hulishwa oili na bomba, kwa hiyo toa bomba hilo pia na uzibe mdomo wake.

5. Funga cheni kwa waya mrefu ili isitumbukie ndani ya kasha.

6. Shikilia sproketi kwa kifaa chake na ulegeze nati au bolti kubwa. Usizuie sproketi kwa bisibisi iliyochomekwa kwenye cheni. Vuta pini ndogo inayounganisha sproketi na flanji yake, na uandike imeingia tundu lipi. Toa sproketi, kisha flanji, kabari ya nusu mwezi na shimu zote. Zifunge shimu za upande huo pamoja, zisichanganyike na za upande wa pili, maana ndizo zinazoweka cheni kwenye mstari.

7. Toa bolti 3 za bamba la mwisho linalozuia kemshafti isicheze. Bamba huwa limeshikwa na oringi. Lizungushe kidogo huku ukilivuta.

8. Vuta kemshafti kwa kuizungusha polepole, mikono miwili. Meno yake ni magumu kuliko aluminiamu ya nyumba.

9. Toa bomba dogo la oili linaloingia kwenye nyumba. Legeza nati za nyumba robo robo, ukianza na za pembeni na kuishia za katikati. Gonga nyumba kwa nyundo ya mpira hadi iachane na hedi. Usiingize bisibisi kwenye mshono. Mkwaruzo wa hapo ndio utakaovuja baadaye.

10. Nyanyua nyumba pamoja na mabomba ya kurudisha oili, na uzibe matundu yote kwa vitambaa visivyotoa nyuzi.

Nati za hedi zenyewe usizilegeze kama hedi hazitoki. Zikague tu.

Kusafisha na kukagua

Hapa ndipo kazi nzuri hutofautiana na mbaya, na hapa ndipo mafundi wengi hukimbia. Ukitoa siku nzima kwa hatua hii, haijapotea.

Ondoa dawa ya zamani kwa kimiminika cha kuyeyusha na kikwaruzio cha plastiki. Msasa usiguse uso wa nyumba wala wa hedi, na usikubali brashi ya chuma ya kuzungushwa na drili. Chembe zake huingia kwenye njia za oili. Weka rula ya chuma iliyonyooka kwenye uso wa nyumba na ujaribu fila geji chini yake. Ikionyesha nyumba imepinda, ipeleke kwa karakana ya mashine inayojua injini hizi. Sehemu ya kusawazishwa ni ndogo mno, kwa hiyo mwambie fundi mashine apime kabla ya kukata.

Ndani ya nyumba kuna bomba jembamba lenye vitundu, linalonyunyizia oili meno ya kemshafti. Likiziba, meno hulika bila dalili yoyote kwenye geji ya oili, kwa sababu geji inapima presha mahali pengine. Osha nyumba, pitisha kimiminika kwenye bomba, kisha hewa, na uangalie kila kitundu kikitoa mnyunyizo wake. Kitundu kimoja kisichotoa kitu kinatosha kuharibu jino moja.

Kagua meno ya kemshafti chini ya mwanga mkali. Mashimo madogo au ukingo uliochongoka maana yake kemshafti hiyo na roka zake vimekwisha. Pitisha ukucha kwenye mihimili ya roka na matundu yake. Mkwaruzo unaokwamisha ukucha hapo huvuja.

Kurudisha

Kwanza fanya jaribio bila dawa. Weka nyumba juu ya hedi, kaza nati kwa mkono, ingiza kemshafti iliyopakwa oili na uizungushe. Ikizunguka kwa vidole, toa kila kitu na uanze kazi yenyewe. Isipozunguka, tafuta sababu sasa, wakati bado huna dawa inayokauka.

Hakuna gasketi kati ya nyumba na hedi. Ukimwona fundi anakata karatasi ya gasketi kwa kuigonga na nyundo juu ya uso wa nyumba, mzuie. Karatasi hiyo huinua nyumba, hubadilisha mkao wa roka, na nati hulegea karatasi inapobanwa na kupata joto.

1. Futa nyuso zote kwa kimiminika kinachokauka bila kuacha mafuta.

2. Weka oringi mpya kwenye mabomba ya kurudisha oili, zipake oili, na uchomeke mabomba kwenye kasha la injini. Yatangulie. Ukiweka nyumba kwanza, mabomba ya kawaida hayaingii tena.

3. Paka dawa kwenye uso wa nyumba, utando mwembamba unaoonyesha rangi tu. Usipake karibu na matundu ya oili. Silikoni nene nyekundu ambayo hutumika kwa kila kitu mjini haifai hapa. Inayobanwa nje unaifuta, lakini inayobanwa ndani hukatika vipande na kwenda kuziba vile vitundu ulivyosafisha.

4. Shusha nyumba kwa usawa, mtu wa pili akiongoza mabomba. Kaza nati kwa vidole zote.

5. Ingiza kemshafti. Kaza nati kutoka katikati kwenda pembeni, kwa awamu, hadi Nm 25, na baada ya kila awamu zungusha kemshafti. Ikianza kuwa nzito, rudi awamu moja nyuma. Usijiambie italegea ikipata oili.

6. Rudisha bamba la mwisho na gasketi na oringi mpya, shimu zilezile, kabari, flanji na sproketi. Usichomeke pini bado.

7. Rudisha bomba la oili kwa washa mpya za shaba.

Taimingi

Kwa ajili ya kupima, rudisha roka moja tu, ya kuingiza ya silinda 1. Nyingine zikae kwenye mifuko yake hadi mwisho. Hapo hata ukikosea, valvu moja tu ndiyo iliyo hatarini.

Weka krenki kwenye Z1 na alama ya kemshafti juu. Rudisha kikaza cheni, chomeka pini kwenye tundu linalolingana, na ukaze nati kwa mkono. Weka nafasi ya valvu iwe milimita 0.10 kamili. Simamisha geji ya saa juu ya kikombe cha springi ya valvu hiyo, iwe sambamba na valvu, na uiweke sifuri.

Sasa zungusha krenki kufuata saa mzunguko mmoja kamili hadi Z1 tena, polepole, ukitazama geji. Ukihisi krenki imegonga kitu, acha. Usilazimishe kwa spana ndefu, kwa sababu hicho ulichohisi huenda ni valvu juu ya pistoni. Ukifika Z1, soma valvu imefunguka kiasi gani. Kwa Carrera 3.2 ya kawaida iwe kati ya milimita 1.1 na 1.4. Kemshafti za aina nyingine zina vipimo vyake, na gari lililowahi kukimbia rali huenda lina kemshafti isiyo yake ya kiwandani. Soma namba iliyogongwa kwenye ncha.

Kipimo kisipolingana, toa pini, zungusha kemshafti kidogo kwa kifaa chake huku krenki ikibaki Z1, na utafute tundu jipya la pini. Kisha kaza nati kubwa hadi Nm 150, au bolti, kwa matoleo yaliyotumia bolti, hadi Nm 120, na upime upya baada ya mizunguko 2 ya krenki. Kwa upande wa kulia, tumia silinda 4, krenki ikiwa imezungushwa mzunguko mmoja zaidi. Hata kama ulifungua upande mmoja tu, pima zote mbili.

Distributa usiiguse. Kwenye injini hii inaendeshwa na krenki, si kemshafti, kwa hiyo kazi hii haijaharibu chochote huko.

Taimingi ikikubali, rudisha roka zote. Mhimili ukae katikati ya tundu lake, ncha zote mbili zikiwa ndani kidogo kwa usawa, na bolti ikazwe Nm 18. Mhimili uliotokeza upande mmoja utavuja. Rekebisha valvu zote milimita 0.10, injini ikiwa baridi, kwa mpangilio wa kuwaka: 1-6-2-4-3-5. Nati za mifuniko ya valvu ni Nm 8 tu.

Kuwasha mara ya kwanza

Jaza oili. Zuia injini isiwake, kwa Carrera 3.2 kwa kutoa relei ya DME, kisha piga stata kwa vipindi vifupi hadi geji ya presha ya oili ipande. Geji isipopanda, usiwashe. Rudi kwenye mabomba.

Kama kemshafti na roka ni mpya, zipake grisi ya kuanzia kazi wakati wa kuzifunga, na injini ikiwaka ishikilie kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika, kwa dakika 20. Isiachwe ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta, kwani mizunguko ikiwa midogo oili hunyunyizwa kidogo. Mlango wa gereji uwe wazi na kizima moto kiwe karibu. Moshi wa dakika za mwanzo ni oili iliyodondokea ekzosti wakati wa kazi. Usipopungua, zima uangalie.

Oili ya 911 hupimwa injini ikiwa ya moto, inanguruma, gari likiwa mahali palipo sawa. Mtu anayepima ikiwa imezimwa huongeza lita ambazo hazikuhitajika, kisha oili ya ziada hutoka kwenye njia ya hewa na yeye kudhani nyumba inavuja tena.

Safari ya kwanza iwe fupi, hadi Ngong na kurudi. Gari likipoa, lala chini na tochi: mshono wa nyumba, mabomba ya kurudisha oili, ncha za mihimili. Baada ya kilomita 1,000 hivi fungua mifuniko, pima valvu upya, na ukate chujio la oili uangalie kama kuna chembe zinazong'aa.